Je, wajua jinsi wahandisi wanavyokadiria joto la chumba ambacho hakijajengwa?

Kabla msingi wa darasa haujachimbwa, mhandisi wa mifumo ya hewa anaweza kukadiria joto la darasa hilo wanafunzi watakapokuwa wameketi ndani. Hesabu yake huanzia kwenye miili yao, kwa kuwa mtu aliyetulia huipa hewa na kuta zinazomzunguka joto la takriban wati 75.

Wanafunzi 30 basi hutoa wati 2,250. Kila mmoja akipewa lita 10 za hewa safi kwa sekunde, darasa litapitisha lita 300, na kwa kuwa lita moja ya hewa huhitaji jouli 1.2 hivi ili ipande nyuzi moja, hewa yote hiyo itabeba wati 360 kwa kila nyuzi inayopanda. Ikiingia ikiwa na nyuzi 18, itatoka ikiwa na nyuzi 24 na kidogo, hata kabla ya kuhesabu taa na jua la dirishani.

Ugumu ni kujua joto hilo limekaa wapi. Hewa ikipulizwa kwa nguvu na kuchanganyika, chumba kizima huwa na nyuzi 24. Katika nchi za Skandinavia, hata hivyo, umeenea mfumo ambao hewa huingizwa polepole karibu na sakafu, ikatandaa, ikapata joto inapogusa miili ya watu, kisha ikapanda hadi darini inakotolewa.

Ungetazamia hewa ya sakafuni ibaki na nyuzi 18, lakini haibaki. Dari likishapata joto hulirusha chini kwa mnururisho, sakafu ikalipokea na kuipasha hewa iliyo juu yake. Kwa makadirio ya haraka, wahandisi huchukua nusu ya tofauti, yaani nyuzi 21. Mtafiti Elisabeth Mundt wa Stockholm aliandika fomula iliyo makini zaidi, inayoonyesha kwamba kadiri kila mita ya mraba inavyopewa hewa nyingi, ndivyo sehemu hiyo inavyopungua.

Kutoka sakafuni joto huongezeka kuelekea juu, hivi kwamba katika chumba chenye kimo cha mita 2.8, kichwa cha mtu aliyeketi huwa kwenye nyuzi 22 hivi. Ili kuufikia utulivu huohuo kwa kuchanganya hewa, ingebidi hewa iingie ikiwa na nyuzi 16. Nyuzi hizo 2 zina uzito mkubwa: mjini Stockholm, kwa sehemu kubwa ya mwaka hewa ya nje haizidi nyuzi 18, na feni peke yake hutosha kupooza darasa. Dar es Salaam hali ni tofauti, kwa sababu hewa ya huko hubeba unyevu mwingi ambao hautoki vya kutosha mpaka hewa ipoozwe chini zaidi ya nyuzi 16, na hapo sehemu kubwa ya akiba hiyo hupotea.