Juzuu mpya imewagawanya wasomaji: dhana potofu na ukweli

Juzuu mpya ya mfululizo mrefu wa fantasia ikifika Lubumbashi, maneno mawili husikika siku moja: mmoja anasema kitabu kimeoza, mwingine anasema hakijatoka kizuri kama hicho. Anayewasikiliza kabla ya kusoma hubaki njia panda, maana kitabu ni ghali, na kikiwa cha kuazimana huenda kimepita mikono sita kabla ya kumfikia. Mabishano mengi ya aina hii yanasimama juu ya dhana zisizo za kweli, hasa kwetu tunaosoma kwa Kifaransa hadithi iliyoandikwa kwa Kiingereza.

Dhana: wote tunaobishana tumesoma kitabu kimoja

Mara nyingi sivyo. Chukua mfululizo wa George R. R. Martin, ule tunaouita Le Trône de fer. Kwa Kiingereza vitabu vyake ni vitano, vilivyotoka kati ya 1996 na 2011. Mchapishaji wa Kifaransa, Pygmalion, alivigawa vikawa 15: cha kwanza vipande viwili, cha pili vitatu, cha tatu vinne, cha nne vitatu, cha tano vitatu. Baadaye vipande hivyo viliunganishwa tena katika matoleo yanayoitwa intégrale, namba 1 hadi 5. Sasa mtu aliyenunua namba 4 ya mgawanyo wa zamani, L'Ombre maléfique, ameshika katikati ya kitabu cha pili. Mwenzake mwenye intégrale 4 ana kitabu cha nne kizima, yaani namba 10, 11 na 12 za yule wa kwanza. Kila mmoja anasema "ya nne", na kila mmoja ana haki.

Shida si namba tu. Mwandishi aliyepanga hadithi ipande taratibu kwa zaidi ya kurasa 600 hakupanga mtu asimame kwenye theluthi ya kwanza. Kitabu kikikatwa mara tatu, kipande cha kwanza hubeba maandalizi, cha pili hubeba safari, na malipo yote huangukia cha tatu. Anayesema kwamba hakuna kinachotokea katika Le Chaos, namba 10, anaeleza kwa usahihi kile alichokishika mkononi. Ila alichokipima ni mkasi wa mchapishaji.

Kabla ya kutoa hukumu, fungua ukurasa wenye jina la kitabu, kisha ugeuze nyuma yake. Tafuta penye maneno "titre original". Jina la Kiingereza likirudi lile lile kwenye namba tatu zinazofuatana, basi hicho ni kitabu kimoja. Malizia vipande vyote kwanza. Tazama pia mstari unaoanza na "traduit de l'anglais". Namba 1 hadi 12 zilifasiriwa na Jean Sola, aliyependa Kifaransa cha kale na maneno ya kuchimbuliwa kwenye kamusi. Kuanzia namba 13 kazi ilipokelewa na Patrick Marcel, na sentensi zake ni nyepesi zaidi. Msomaji anayesikia sauti imebadilika kati ya 12 na 13 ana sikio zuri, ila lawama au sifa hiyo si ya Martin.

Majina nayo huhama. King's Landing kwetu ni Port-Réal, Riverrun ni Vivesaigues. Katika Harry Potter, Snape ni Rogue na Hogwarts ni Poudlard. Ukiwa na ndugu Kitwe au Ndola, kule Zambia, anayesoma kwa Kiingereza, andikianeni majina hayo kwanza, la sivyo mtabishana juu ya mtu mmoja mkidhani ni wawili.

Dhana: mhusika mkuu hayumo kwa sababu mwandishi amechoka naye

Kitabu cha nne cha Martin, kilichotoka 2005, hakina sura hata moja inayosimuliwa kupitia macho ya Tyrion, Jon au Daenerys. Wasomaji waliosubiri miaka mitano walikasirika, na hasira hiyo inaeleweka kabisa. Waliokua wakifuata michezo ya Mufwankolo, mchekeshaji wa Lubumbashi, wanaijua njaa ya namna hiyo: mchezo umeanza, yeye bado hajaonekana, na macho yote yako mlangoni.

Lakini sababu ilikuwa ya kiufundi. Maandishi yalikuwa yamezidi ukubwa unaoweza kufungwa katika kitabu kimoja. Badala ya kukata katikati ya wakati, mwandishi alikata kwa wahusika na maeneo: baadhi yao wakaenda kitabu cha nne, wengine wakasubiri cha tano, mwaka 2011. Ndiyo maana sehemu kubwa ya cha tano inatokea wakati ule ule wa cha nne, haikifuati. Msomaji asiyejua hilo hukutana na tukio analolijua tayari, safari hii likionekana kwa upande wa pili, akadhani mwandishi anajirudia.

Robert Jordan naye alipata lawama kama hiyo kwa kitabu cha kumi cha The Wheel of Time, cha mwaka 2003. Cha tisa kilikuwa kimeisha kwa tukio kubwa sana; cha kumi kikarudi nyuma kuonyesha wahusika wengine walikuwa wakifanya nini wakati ule. Mpango unaeleweka. Hata hivyo, kwa maoni yetu waliochoka hawakukosea, kwa sababu mamia ya kurasa yanapita kabla hadithi haijasonga hatua moja mbele. Ushauri wa kweli kwa anayekianza ni kuwa na cha kumi na moja karibu, ili asikwame hapo kwa miezi.

Dhana: nyota tatu maana yake kitabu cha hivi hivi

Fanya hesabu. Wasomaji kumi: watano wametoa nyota 5, watano wametoa nyota 1. Jumla ni 30, wastani ni 3. Kitabu kingine, wote kumi wametoa nyota 3. Wastani ni ule ule. Cha kwanza kimewasha moto, cha pili kimewalaza watu usingizi. Kwa hiyo usiangalie wastani, angalia mgawanyo wake, kisha usome waliotoa nyota 2 na 4. Hao ndio kwa kawaida wanaotaja sura na sababu.

Kuna mtego wa pili. Juzuu za mwisho za mfululizo mara nyingi hupata wastani mkubwa kuliko ya kwanza, kwa sababu waliochukia ya kwanza waliacha njiani. Wanaopiga kura mwishoni ni wale waliobaki. Juzuu ya saba yenye 4.5 haijashinda lazima ya kwanza yenye 4.0.

Dhana: PDF ya kwenye WhatsApp ndiyo kitabu chenyewe

Juzuu ya saba ya Harry Potter ilitoka kwa Kiingereza tarehe 21 Julai 2007, na kwa Kifaransa tarehe 26 Oktoba. Katika miezi ile mitatu ya kusubiri, polisi wa Ufaransa walimkamata kijana wa miaka 16 aliyekuwa ameweka mtandaoni tafsiri yake mwenyewe. Pengo hilo lipo bado kwa mifululizo mingi, na leo linajazwa haraka zaidi na tafsiri za mashine. Faili isiyo na jina la mfasiri wala la mchapishaji, ambamo mhusika anaitwa Rogue ukurasa mmoja na Snape ukurasa unaofuata, isikupe maoni yoyote kuhusu mwandishi.

Dhana: ikiwa wameikataa sasa, basi ni mbaya

Ursula K. Le Guin alitoa vitabu vitatu vya Earthsea, Terremer kwa Kifaransa, kati ya 1968 na 1972. Cha nne, Tehanu, kilikuja 1990. Ged, mchawi mkuu wa wakati ule, amepoteza nguvu zake zote. Anayebeba hadithi ni Tenar, sasa mjane, akimlea mtoto aliyeunguzwa kwa moto. Kuna kufua, kupika, kuchunga mbuzi. Wengi waliotaka joka na vita walijiona wameibiwa. Kitabu hicho hicho kilipata Nebula, tuzo ya Marekani ya hadithi za sayansi na fantasia. Jalada lilikiita kitabu cha mwisho cha Earthsea, lakini mwaka 2001 vikafuata viwili vingine, vilivyoota kwenye mbegu zilizopandwa pale. Kwetu sisi ndicho chenye kina kuliko vyote vya mfululizo huo, na anayekikuta cha mtumba akichukue bila kusita.

Dhana: lazima urudie juzuu zote

Kusahau ndiko kunakozaa nusu ya malalamiko, lakini dawa si kusoma kila kitu upya. Harry Potter ya tano peke yake ina kurasa 766 katika toleo la Uingereza. Kwa kurasa 40 kila jioni ni siku 20, na umeme haukubali kila jioni. Rudia kurasa 150 za mwisho za juzuu iliyotangulia. Kwenye daftari andika majina 20: nani yuko wapi, anamtafuta nani, anadaiwa nini. Hilo linatosha.

Na kitabu kinapozunguka, bandika karatasi ndani ya jalada. Kila msomaji aandike namba ya juzuu, toleo, mfasiri, na ukurasa hasa alipochoka au alipochangamka. Wanne wakitaja ukurasa wa 212, wa tano ajue kilima kiko wapi, na apande.