Kupakia vifaa vya kambi: anza na pikipiki, hema baadaye

Kazi yangu ni kuandaa pikipiki kwa safari ndefu. Lalamiko ninalolisikia zaidi ya mengine yote ni hili: ukishika mwendo wa barabara kuu, usukani unaanza kucheza. Mwenye pikipiki anakuja akiwa ameshashuku tairi au beringi za shingo ya usukani. Mimi kwanza nafungua mzigo, naiendesha ikiwa tupu, na mara nyingi inatulia kabisa. Kilichokuwa kinaitikisa ni hema, jiko na galoni la maji vilivyorundikwa kwenye keria, juu kabisa, nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma.

Ndiyo maana mtu akiniuliza anunue hema gani, namuuliza kwanza pikipiki yake inaruhusiwa kubeba kilo ngapi. Jibu limo kwenye kitabu chake. Tafuta uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa, kisha toa uzito wa pikipiki yenyewe ikiwa imejazwa mafuta. Tuseme imebaki kilo 180. Zinaonekana nyingi. Wewe una kilo 80; helmeti, buti na nguo za kuendeshea ni 10. Abiria wako ana 65, na mavazi yake 8. Masanduku mawili ya alumini pamoja na fremu zake yanaweza kufika 15 yakiwa matupu. Zimebaki kilo mbili, na hema bado halijatajwa. Hesabu hii ifanye kwa kalamu kabla ya kununua chochote, maana breki, springi na matairi vilitengenezwa kwa kiwango hicho. Kwa anayesafiri peke yake, mimi hulenga vifaa vyote vya kambi visizidi kilo 12, bila kuhesabu maji na chakula.

Uzito wenyewe ni nusu tu ya jambo. Nusu ya pili ni mahali unapoukalisha. Chukulia ekseli ya nyuma kama egemeo la wenzo. Ukiweka kilo 10 sentimita 50 nyuma yake, kwenye pikipiki yenye sentimita 150 kati ya ekseli mbili, gurudumu la mbele linapunguziwa zaidi ya kilo tatu, na la nyuma linabeba zaidi ya 13. Gurudumu la mbele ndilo linaloshika kona, na ndilo linalofanya sehemu kubwa ya kazi ya breki. Kila unachokisogeza mbele na chini unakirudishia gurudumu hilo.

Sasa tuingie kwenye vifaa, na hapa naanza na usingizi. Dereva aliyelala vibaya anachelewa kushika breki kesho yake, kwa hiyo kwangu godoro na mfuko wa kulalia ni vifaa vya usalama kama ilivyo helmeti.

Watu wengi hutumia pesa nyingi kwenye mfuko wa kulalia na kubania kwenye godoro, kisha wanaamka saa tisa usiku mgongo umeganda. Sababu ni rahisi. Kinachokupa joto ndani ya mfuko ni hewa iliyonaswa katikati ya manyoya au nyuzi. Upande uliolalia umeukandamiza, hewa imetoka, na ardhi inakunyonya joto usiku kucha. Anayezuia hilo ni godoro. Uwezo wake huandikwa kwa herufi R: namba ikiwa kubwa, joto hupotea kidogo. R ya 2 inatosha kwa usiku wa joto. Kwenye nyanda za juu zenye baridi nataka 4 au zaidi. Ukiweka godoro juu ya godoro, R zao zinajumlishwa, kwa hiyo kipande chembamba cha povu chini ya godoro la upepo kinaongeza joto na kulikinga na miiba. Tangu 2020 watengenezaji wengi wamekuwa wakipima kwa kiwango kimoja, ASTM F3340, hivyo namba za magodoro ya namna hiyo unaweza kuzilinganisha bila wasiwasi.

Kwenye mfuko wa kulalia utakuta namba za nyuzijoto zaidi ya moja. Soma ile ya kulala kwa raha. Ile ya mwisho kabisa, ambayo hupenda kuandikwa kwa maandishi makubwa, inahusu kunusurika. Hakuna anayepata usingizi hapo. Manyoya ya bata hukunjika yakawa kifurushi kidogo sana, na kwenye pikipiki hilo ni jambo kubwa, lakini yakilowa yanashikana na joto linaisha. Nyuzi za kiwandani huchukua nafasi kubwa zaidi na zinavumilia unyevu. Kama njia yako ina mvua na mito ya kuvuka, chukua nyuzi, au chukua manyoya na uyatunze ndani ya mfuko usiopitisha maji hata siku ya jua kali.

Hema watu hulipima kwa kilo. Mimi kwanza napima urefu wa fito zikiwa zimekunjwa. Hema zuri la kilo mbili lenye fito za sentimita 50 haliingii kwenye begi la pembeni, na matokeo yake linaishia kufungwa juu ya keria, pale pale tunapopakimbia. Tafuta fito zenye vipande vya sentimita 30 hadi 35. Usisafiri peke yako na hema la mtu mmoja. Helmeti, buti na jaketi lililolowa navyo vinahitaji pa kulala. La watu wawili, lenye kibaraza cha kuwekea mabegi, ndilo kipimo sahihi. Chagua pia linalosimama lenyewe kwa fito zake, maana utafika kwenye mawe au saruji ambako kigingi hakiingii. Turubai la kutandika chini liwe dogo kidogo kuliko sakafu ya hema. Likichomoza nje linakinga maji ya mvua na kuyaingiza chini yako.

Kuhusu jiko sina mengi. La gesi ni jepesi na safi, ila mtungi wenye butani peke yake unakufa nguvu baridi inapokaribia sifuri, kwa hiyo ukienda kwenye baridi tafuta mchanganyiko wenye propani. La petroli ni zito zaidi na lina kelele, lakini mafuta yake unayo tayari kwenye tangi. Lolote utakalochagua, usiliwashe ndani ya hema. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na inaua watu waliolala.

Mabegi laini au masanduku magumu? Kwenye lami, sanduku ni zuri: lina kufuli na unaweza hata kulikalia. Kwenye njia mbaya natetea begi laini bila kusita. Kwenye mchanga au matope mguu unashuka chini wenyewe, na sanduku gumu linakuja kutoka nyuma na kuubana. Begi la kuviringisha mdomo livingirishe angalau mara tatu, ndipo linazuia maji. Angalia pia umbali wake na bomba la moshi. Nimeona mabegi mengi yaliyotoboka kwa joto, na siku zote ni upande ule ule.

Kupakia kwenyewe nakufanya hivi. Spana, maji, jiko na vyakula vya makopo vinakaa chini kabisa ya mabegi ya pembeni, karibu na miguu ya dereva kadiri inavyowezekana. Kila begi nalipima kwa mizani ya mkononi, kulia na kushoto, na ikipita tofauti ya kilo moja nahamisha kitu. Fito nazitenganisha na kitambaa cha hema. Zinalala ubavuni, na kitambaa kinajaza mapengo. Mfuko wa kulalia na nguo, vitu vikubwa vyepesi, ndivyo pekee vinavyostahili kupanda juu, kwenye kiti cha nyuma, vikiegemea mgongo wa dereva. Koti la mvua na sanduku la huduma ya kwanza lazima vifikiwe bila kufungua mkanda wowote. Hema lililolowa asubuhi linapata mfuko wake peke yake.

Mikanda iwe yenye bizimu, ile inayokazwa na kubaki palepale. Kamba za mpira zinavutika kila unaporuka shimo, mzigo unacheza, na kulabu yake ikichomoka inarukia jicho. Ncha inayobaki ya mkanda ifungwe. Mimi niliwahi kuacha moja ikining'inia. Ikaingia kati ya cheni na sproketi, gurudumu la nyuma likajifunga. Nilikuwa naenda polepole kwenye njia ya vumbi, ndiyo sababu nilibaki na mkwaruzo tu.

Mzigo ukishakaa, kaza springi za nyuma na ongeza upepo wa tairi kama kitabu kinavyoagiza kwa mzigo kamili. Shusha taa ya mbele pia: nyuma ikididimia, mwanga unapanda na kuwapofusha wanaokuja.

Kisha endesha kilomita 20 au 30 tu, usimame. Vitambaa vimelegea, hewa imetoka kwenye mifuko, na mikanda iliyokuwa imekaza sasa ina nafasi ya kidole. Shika kila begi ulitikise kwa nguvu. Pikipiki nzima inapaswa kutikisika nalo. Likicheza peke yake, kaza tena kabla hujaingia barabara kuu.