Kisu hakimlazi mtu kitandani

Sokoni Majengo, hapa Dodoma, ukitaja operesheni ya mgongo utajibiwa haraka: "Akiguswa na kisu tu, hatatembea tena." Maneno haya yamewafanya wengi wakimbilie kukandwa.

Kinachopoozesha ni kuumia kwa ugwe wa mgongo, yaani fungu la mishipa ya fahamu linalopita ndani ya pingili, ile mifupa ya uti wa mgongo. Mara nyingi huumia palepale mtu anapoanguka na bodaboda au kutoka juu ya mti. Anapelekwa hospitali miguu tayari imekufa ganzi, kisha lawama anabebeshwa daktari. Operesheni ina hatari zake, sikatai, lakini kupooza si matokeo yake ya kawaida.

Siku hizi pingili iliyovunjika inaweza kufungwa bila kuchana mgongo mzima. Daktari hukata matundu madogo, ya sentimita 1 au 2 hivi, akiongozwa na picha za eksirei papo hapo. Hupitisha skrubu hadi kwenye pingili za juu na chini ya ile iliyovunjika, kisha huingiza fito za chuma chini ya ngozi kuziunganisha. Misuli haibanduliwi, damu hupotea kidogo, na mgonjwa huinuka mapema.

Si kila mvunjiko unafaa njia hii. Ulio imara huweza kupona kwa mkanda na dawa za maumivu. Vipande vikibana ugwe, huenda ikabidi kupasua kwa upana.

Na majeruhi asikunjwe mshikaki kwenye bodaboda. Mlazeni juu ya ubao, shingo imetulia.