Kabla ya kumuuliza mwanafunzi "wewe ni nani", sogeza kamera nyuma

Nikianza na kundi jipya la wanafunzi hapa Tanga, hakosekani mzazi wa kuniuliza: hawa watoto wanajipiga picha kutwa kucha, wewe unawafundisha nini tena? Swali ni la haki. Mwanafunzi wa kidato cha pili ana picha za uso wake nyingi kuliko alizoacha babu yake maisha mazima. Ila mwambie achague moja aseme "huyu ndiye mimi", uone anavyobabaika. Atakupa iliyopita kwenye filta, na baada ya dakika mbili ataiomba airudishe.

Kazi yangu ni picha za watu: kuzipiga, na kuwafundisha vijana wazipige. Somo lenyewe kwenye ratiba limeandikwa kuwa ni la kujitambua kupitia picha. Wengi wanaolifundisha huanza na karatasi ya maswali: unapenda nini, unaogopa nini, ndoto yako ipi. Mimi karatasi hiyo naiweka kabatini. Mengi ya yale ambayo kijana anayaita "sura yangu mbaya" si sura yake. Ni kazi ya umbali, ya lenzi, ya kioo na ya mwanga. Ukimuuliza yeye ni nani kabla hujamwondolea hayo, atakueleza habari za kamera huku akidhani anajieleza mwenyewe.

Basi tunaanza na pua, maana pua ndiyo lalamiko namba moja. Mwanafunzi anasimama mlangoni anajipiga selfi kwa mkono wake, kama alivyozoea. Kisha mwenzake anachukua simu ileile, anarudi nyuma hatua mbili kubwa, anakuza kidogo, anapiga. Tunaziweka kandokando, uso ukiwa na ukubwa uleule. Darasa zima linaguna. Kwenye ya kwanza pua imejaa, masikio yamekimbilia nyuma, paji la uso limebinuka. Kwenye ya pili yupo mtu wanayemjua.

Kilicho karibu na lenzi hutoka kikubwa kuliko kilicho nyuma yake. Simu ikiwa sentimita 30 kutoka usoni, zile sentimita chache zilizopo kati ya ncha ya pua na masikio ni sehemu kubwa ya umbali wote. Ukirudi hadi mita 1.5 hazina uzito tena. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walichapisha hesabu yake katika jarida la upasuaji wa uso: kwa sentimita 30 pua huonekana pana kwa takriban asilimia 30 kuliko ilivyo, na kwa mita 1.5 tofauti hiyo karibu haipo. Waliingia kwenye hesabu hizo kwa sababu watu walikuwa wanakwenda kwa madaktari kuomba pua zipunguzwe, na ushahidi waliobeba mkononi ni selfi. Mafundi wa studio walikuwa wanalijua jambo hili zamani. Lenzi wanazozipenda kwa picha za uso ni za milimita 85 mpaka 105, na lenzi ya namna hiyo, kwa kuwa inavuta vya mbali, humlazimisha fundi asimame mbali, atake asitake.

Zoezi la kioo linafuata. Picha moja naichapa mara mbili, ya kwanza kama ilivyopigwa, ya pili nimeigeuza, kushoto kukawa kulia. Mwenye uso anachagua aipendayo, na jirani yake wa dawati naye anachagua, bila kuambizana. Mara nyingi hawakubaliani, na hapo darasa linachangamka.

"Mwalimu, hii siyo mimi. Mdomo umepinda."

"Mwenzio kasema ndiyo wewe hasa."

"Basi huyo hanijui."

"Mwalimu, msikie! Tangu darasa la kwanza tumekaa dawati moja, leo simjui!"

Wote wawili wana haki. Hakuna uso uliolingana pande zote; nyusi moja iko juu kidogo, tabasamu linaanzia upande mmoja. Yeye amejizoea kwenye kioo, kimegeuzwa; mwenzake amemzoea ana kwa ana. Mwaka 1977 wanasaikolojia walilipima jambo hilohilo kwa wanafunzi wa chuo kikuu huko Wisconsin, Marekani, na matokeo yakawa hivyo: mtu alielekea kuipenda picha iliyogeuzwa, rafiki zake waliipenda isiyogeuzwa. Kamera ya mbele ya simu imezidisha utata, kwani inakuonyesha kama kioo wakati unajiweka sawa, na ukishabonyeza, simu nyingine inakuhifadhi hivyohivyo, nyingine inakugeuza. Kwa mtoto wa miaka 15, kugundua kwamba uso anaoujua mama yake si uso anaoujua yeye ni jambo zito. Maswali ya kujitambua huwa yanaanza yenyewe hapo, sijauliza hata moja.

Lakini penye kazi kubwa ni rangi.

Fikiria mazingira yetu. Shati la shule jeupe, ukuta wa chokaa nyuma, saa sita mchana. Kamera haijui imeelekezwa kwa mtu. Inapima mwanga wa fremu nzima na kuutafutia wastani wa kijivu, kile kijivu kinachorudisha asilimia 18 ya mwanga, ambacho vipimo vya mwanga vimejengwa juu yake kwa miaka mingi. Ikikuta weupe mtupu inapunguza mwanga ili weupe huo ushuke, na anayeumia ni mwenye uso mweusi aliyesimama katikati: anabaki meno na kola ya shati. Ukimpiga binti aliyevaa buibui, jeusi limejaa fremu, kamera inafanya kinyume, inaongeza mwanga, na uso unapauka kama umepakwa unga. Simu mpya zinajitahidi kutafuta uso kwanza, ila wengi wa wanafunzi wangu hawana simu mpya. Mtoto haoni kipimo cha mwanga. Anachokiona ni kwamba kwenye picha ya darasa yeye ndiye "hakuonekana", na wenzake wamemtania wiki nzima. Ndipo anapokimbilia filta ya kung'arisha, ambayo mimi naiita mkorogo wa simu na wao wanacheka, ingawa wanajua sitanii.

Huwa nawaeleza kwamba tatizo hili lilianzia mbali. Tangu miaka ya 1950 Kodak, kampuni ya filamu za kamera, walikuwa wakisambaza kwa maabara za kusafishia picha kadi za kupimia rangi, zenye picha ya mwanamke mzungu. Jina lake la kwanza, Shirley, likabaki kuwa jina la kadi hata wanawake waliokuwa kwenye picha walipobadilika. Fundi alikuwa anarekebisha mashine mpaka ngozi ya Shirley itoke vizuri. Ikitoka vizuri, kazi imekwisha. Ngozi zetu hazikuwamo kwenye hesabu. Miongoni mwa waliolalamika mpaka filamu ikaboreshwa ni watengenezaji wa samani na wa chokoleti, kwa kuwa picha za mbao na za chokoleti nyeusi hazikuwa zinatofautiana vivuli. Kila nikifika hapo darasa linanyamaza kidogo, kisha atatokea mmoja aseme: "Kwa hiyo kabati lilisikilizwa kabla yetu." Sina la kuongeza.

Dawa yake inafundishika kwa dakika kumi. Gusa uso kwenye skrini na ushikilie mpaka simu ifunge hapo, halafu sukuma kile kijialama cha jua juu au chini mpaka ngozi ifanane na unayoiona kwa macho. Muondoe mtu kwenye ukuta mweupe, au mgeuze ukuta huo uwe mbele yake badala ya nyuma, umrudishie mwanga. Jua la Tanga nalo lina ratiba yake. Tuko nyuzi 5 hivi kusini ya ikweta, na mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana hupita utosini kabisa. Macho yanageuka mashimo mawili. Kwa hiyo tunaingia barazani. Nyumba za Ngamiani, mtaa wa hapa Tanga, zina upenu na baraza inayotazama barabara, na hiyo ndiyo studio bora kuliko yoyote niliyowahi kukodi. Mkalishe mtu mwisho wa kivuli, uso auelekeze nje penye mwanga wa mtaa. Nukta nyeupe itaingia kwenye mboni, na rangi ya ngozi itajipanga yenyewe: wekundu wa shavuni, kahawia ya paji, ule weusi wa karibu na samawati chini ya taya. Wapo waliokaa na picha hiyo kimya muda mrefu. Msichana mmoja aliniuliza kama nimemtilia filta.

Hapo sasa, kamera ikishakuwa haimsingizii mtu, ndipo namwachia aamue atokeeje.

Na kitu cha kwanza anacholeta ni uso wa picha ya pasipoti. Picha rasmi ya kwanza ambayo wengi wao wanaijua ni ile ya pazia la bluu, ya fomu za shule na usajili: kidevu juu, mabega sawa, usicheke. Uso huo wanakuja nao barazani kwangu. Walimu wengine wa picha wanahangaika kuuvunja, wanasema si wa kweli, wanamchekesha mtoto mpaka ajisahau. Mimi siko huko. Pozi si uongo. Pwani yetu ina jadi ndefu ya mtu kuvaa akapendeza na kwenda studio kujitengenezea sura atakayokumbukwa nayo. Capital Art Studio ya Zanzibar, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, ilijaa sura hizo. Kule Bamako, Mali, mpiga picha Seydou Keïta alikuwa na saa, redio, pikipiki, hata gari lake mwenyewe, vyote kwa ajili ya wateja kupigia picha. Na mpiga picha Samuel Fosso alifungua studio yake Bangui, Afrika ya Kati, mwaka 1975 akiwa na miaka 13, umri wa hawa hawa wanafunzi wangu. Vipande vya filamu vilivyobaki baada ya wateja alivitumia kujipiga mwenyewe, amevaa suruali pana na miwani, akawa anamtumia bibi yake Nigeria aone mjukuu yu mzima. Picha hizo leo zinaoneshwa kwenye makumbusho makubwa ya dunia.

Kwa hiyo kijana mmoja alipokuja na koti la mjomba wake, kwa joto lile la Februari, sikumzuia. Anataka kuwa wakili. Mikono ya koti ilimfika kwenye vidole, akaikunja kwa ndani na pini. Jasho linamtiririka shingoni na mwenzake anampangusa kwa leso kati ya picha na picha. Akasimama wima, mkono mmoja mfukoni, macho makali. Tulipomaliza alilivua, akalitupia begani, akapumua, nikabonyeza tena. Hiyo ya mwisho ndiyo niliyoipenda: koti begani, shati limeloa, uso umelegea. Nikamwonyesha. Akaitazama kwa adabu, akasema, "Nzuri, mwalimu, lakini hapo nimeshachoka. Wakili hachoki." Tukachapa ile ya kwanza. Bado naamini yangu ni picha bora. Yake ndiyo picha yake.

Wapo pia wasiotaka uso uonekane. Hapa Tanga hilo ni la kawaida, na sababu ni nyingi: dini, baba amekataza, au hataki tu kuzunguka kwenye stetasi za watu. Kuna wanaodhani mwanafunzi wa namna hiyo hawezi kufanya somo hili. Kinyume chake, yeye ndiye hulazimika kufikiri zaidi, maana ameondolewa njia ya mkato. Binti mmoja wa kidato cha tatu alijipiga mikono tu, anashona kofia ya vito. Sindano iko kwenye kidole cha shahada, kucha zina hina iliyofifia, na kwenye kidole gumba kuna kovu dogo la siku aliyokuwa anajifunza. Nyuma, kwa mbali, pindo la kanga ya mama yake na nusu ya maandishi yake. Ukimjua, huhitaji kuona uso. Usipomjua, umeshajua anafanya nini akitoka shule, amekaa na nani, na amevumilia nini kufika hapo.

Maelezo ya chini ya picha anayaandika mwenye picha, si mimi. Hilo nalishikilia. Kadi nyingi za posta za enzi za Wajerumani katika pwani hii zinaonyesha watu waliopigwa vizuri sana, mwanga safi, nguo zimepangwa, na chini pameandikwa kabila au kazi: mwanamke wa Kiswahili, mpagazi. Jina hakuna. Nawaonyesha wanafunzi mfano mmoja au miwili, halafu nawapa kalamu. Wengine wanaandika jina kamili na la ukoo, wengine neno moja. Yule wa koti aliandika "Wakili", akafuta, akaandika jina lake, kisha akairudisha "Wakili" kwa herufi ndogo chini yake.

Faili ni zao. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, fomu ya ridhaa ya mzazi si hiari ya mwalimu mstaarabu tena, na mimi naongeza ridhaa ya mtoto mwenyewe, maana mzazi anaweza kukubali jambo ambalo mtoto halitaki. Anayeomba picha yake ifutwe naifuta mbele yake, hata iwe tayari imechapwa.

Wazazi wakija kuchukua nakala, karibu wote wanachagua ile ambayo mtoto hacheki. Ya sebuleni, wanasema, lazima iwe na adabu. Kwa hiyo siku hizi nachapa mbili, moja ya mzazi na moja ya mtoto, na gharama ya karatasi naipanga hivyo tangu mwanzo.