Filamu Saba za Jean-Pierre Melville kwa Macho ya Mhariri wa Picha

Jean-Pierre Melville alifariki dunia Agosti 1973 akiwa na umri wa miaka 55. Aliacha filamu ndefu 13, na zile zilizomjengea jina ni simulizi za majambazi wa Paris na Marseille na za polisi wanaowawinda. Hapa Arusha jina lake halifahamiki sana, hata miongoni mwetu tunaoishi kwa kukata picha, lakini waliokulia kwenye vibanda vya video wameuona mkono wake bila kujua, kwa sababu John Woo, ambaye filamu zake za Hong Kong tulizitazama hadi tukazikariri, hajawahi kuficha kwamba alijifunza kwa Mfaransa huyu.

Kwa kuwa mimi ni mhariri, mtengenezaji wa filamu nampima kwa kile alichokataa kukikata. Anayejifunza uhariri huambiwa mapema kwamba mtu akishashika kitasa cha mlango, shoti inayofuata tumkute yuko ndani. Hatua za kutoka kwenye kiti hadi mlangoni hutupwa. Melville huziacha. Humwacha mtu avae koti, aiweke sawa kofia yake ya pama mbele ya kioo, ashuke ngazi, afungue gari. Katika filamu zake dhaifu urefu huo ni pozi tu, ilhali katika zilizo bora muda unaotumika kwenye kazi ndio unaotuonesha kazi hiyo inamgharimu nini anayeifanya. Huo ndio msingi wa mpangilio wangu wa filamu zake saba, kuanzia iliyo bora, na ndiyo maana haufanani na ule wa wapenzi wengi wa Melville, ambao huanza na mwigizaji Alain Delon na kofia yake.

Ya kwanza kwangu ni L'Armée des ombres ya 1969, iliyotokana na kitabu cha Joseph Kessel kuhusu Wafaransa waliopambana kwa siri na utawala wa Wajerumani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Atakuwapo wa kusema kwamba hiyo ni filamu ya vita, si ya ujambazi. Ningekubaliana naye kama Melville asingeisimulia kwa vifaa vilevile vya filamu zake za ujambazi: makoti marefu, magari yanayongoja kando ya barabara, nyumba za maficho, majina ya bandia, na mwenzao aliyewauza ambaye ni lazima auawe. Mwenyewe alikuwamo katika harakati hizo; alizaliwa Grumbach, na jina la Melville alilichukua wakati wa vita kutoka kwa mwandishi wa Kimarekani aliyempenda.

Lipo onyesho moja ambalo huwawekea vijana ninaowafundisha kazi, kisha nawauliza wangekata wapi. Kijana aliyewasaliti wenzake anapelekwa katika nyumba iliyopangishwa Marseille ili akapigwe risasi. Wakifika wanagundua kwamba nyumba ya jirani, ambayo walidhani ni tupu, imehamiwa, na sauti za watu zinapenya ukutani. Bastola haiwezi kutumika tena. Kisu hakuna. Gerbier, anayechezwa na Lino Ventura, na wenzake wawili wanashauriana kwa sauti ya chini mbele ya yule yule watakayemuua, wakitafuta njia kama mafundi waliosahau kifaa nyumbani, mpaka wanaamua kumnyonga kwa taulo la jikoni. Hawajawahi kufanya jambo kama hilo. Melville haruki hata hatua moja: kitambaa kinatafutwa, kiti kinawekwa, kila mmoja anaambiwa ashike wapi, na tunabaki tukiutazama uso wa kijana yule. Vijana wangu karibu wote hukata pale taulo linapopatikana. Wakikata hapo wanaokoa muda, lakini wanapoteza kile ambacho filamu nzima inakijenga, yaani kwamba hawa ni watu wema wanaojifunza kuua, na kwamba kujifunza huko kunachukua muda.

Baadaye Mathilde, anayechezwa na Simone Signoret, anapanga kumtoa mwenzao aliyeshikwa na Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, huko Lyon. Zinapatikana sare za Kijerumani, gari la wagonjwa na karatasi za kughushi, wanapita geti, wanangoja, halafu daktari wa Kijerumani anamtazama mfungwa na kusema hali yake hairuhusu asafirishwe. Basi. Wanageuza gari na kuondoka. Kazi yote ile, tuliyoifuata hatua kwa hatua tukiwa tumebana pumzi, haikuzaa kitu, na kwa sababu haikufupishwa tunaihisi hasara hiyo mwilini. Ilipotoka Ufaransa, mwaka mmoja tu baada ya maandamano ya wanafunzi na wafanyakazi ya Mei 1968, baadhi ya wahakiki waliishutumu kwamba inamtukuza Jenerali de Gaulle, rais ambaye waandamanaji hao walimpinga. Marekani haikufika kwenye kumbi za sinema hadi 2006.

Ya pili ni Le Cercle rouge ya 1970, na pengo kati yake na ya kwanza ni dogo. Delon ni Corey, mfungwa anayeachiwa huru akiwa tayari ameshanong'onezwa na askari wa gereza habari za duka la vito la Place Vendôme, Paris. Gian Maria Volonté ni Vogel, mtuhumiwa anayemtoroka askari wake kwenye treni ya usiku. Yves Montand ni Jansen, mlenga shabaha aliyewahi kuwa polisi, ambaye ulevi umemfikisha mahali pa kuona wadudu na wanyama wakimtambalia kitandani. Wizi wenyewe unachukua takriban dakika 25, na katika muda huo hakuna anayezungumza. Mtafsiri wa kibanda cha video, ambaye riziki yake ni kuyajaza masikio ya watazamaji tangu mwanzo hadi mwisho, angepata taabu kubwa hapo. Namwona kabisa akianza kubuni maneno kufikia dakika ya tatu.

Ukimya huo unabebwa na kazi ya Jansen. Tumeshamwona nyumbani kwake akiziyeyusha mwenyewe metali za kutengenezea risasi laini, ambayo itapenya katika tundu la kufuli ukutani na kuizima mitambo ya kengele ya hatari. Usiku wa tukio anaifunga bunduki kwenye stendi ya miguu mitatu, anailenga kwa uangalifu mkubwa, kisha kwa ghafla anaichomoa, anaiinua begani na kufyatua kwa mikono mitupu, mikono ileile iliyokuwa ikitetemeka. Inapiga palepale. Hakuna muziki wa kutuambia tushangilie, na Melville hajisumbui kutuonesha uso wa furaha. Yule mlevi anaanza tu kukusanya vitu vyake.

Sehemu inayofuata huwa naona inaeleweka upesi zaidi hapa kwetu kuliko mahali pengi, kwa sababu mtu aliyekaa Arusha, mji ambao madalali wa tanzanaiti hutembea na vipakiti vya mawe mfukoni, hahitaji kuelezwa kwamba kuwa na jiwe si kuwa na fedha. Mnunuzi waliyemtegemea anayatazama mapambo yale na kukataa kuyagusa. Kuanzia hapo majambazi hodari kabisa wanageuka kuwa wachuuzi waliobanwa, wanaotafuta mteja kwa haraka, na huyo mteja mpya ndiye mtego wa Kamishna Mattei, polisi anayewawinda. Mattei anachezwa na Bourvil, mchekeshaji aliyependwa sana Ufaransa, ambaye alifariki kabla filamu haijatoka. Melville anamwonesha akirudi nyumbani kulisha paka wake, jioni baada ya jioni, kwa mpangilio uleule, na marudio hayo yanatosha kutueleza maisha ya mtu huyo.

Nafasi ya tatu naipa Le Deuxième Souffle ya 1966, yenye urefu wa saa mbili na nusu katika rangi nyeusi na nyeupe, kutoka katika riwaya ya José Giovanni. Inaanza kwa wafungwa kuruka ukuta wa gereza bila neno hata moja. Gu, anayechezwa na Ventura, amezeeka, anachechemea kimaisha, na anashiriki kuiba platini barabarani milimani ili apate fedha za kukimbilia nje ya nchi. Kinachonivuta ni kile kinachofuata: polisi waliojifanya majambazi wanamtega hadi anataja jina la mshirika, na kuanzia hapo hataki tena fedha wala uhuru, anataka tu ithibitike kwamba hakumsaliti mtu. Kwenye vibanda vyetu tuliamini kwamba stelingi hafi. Kwa Melville, tangu 1962, stelingi hufa karibu kila mara, na Gu anakwenda kufa kwa ajili ya jina lake huku akijua.

Hapa ndipo nitagombana na wengi, kwa kuwa Le Samouraï ya 1967 naiweka ya nne. Siukatai uzuri wake. Dakika 10 za mwanzo karibu zote hazina maneno. Jef Costello, muuaji wa kukodiwa, amelala katika chumba cha kijivu chenye ndege kwenye tundu, kisha anatoka, anaketi ndani ya gari la Citroën lisilo lake, analaza furushi la funguo kwenye kiti cha pembeni na kujaribu mmoja baada ya mwingine huku akitazama mbele. Hiyo ni shule tosha ya uhariri. Ndege yule ana kazi pia: polisi wakishatega kinasa sauti chumbani, Jef anajua kuna mtu aliyeingia kwa kumwona ndege wake amehangaika. (Ndege huyo aliteketea katika moto ulioiangamiza studio ya Melville, mtaa wa Jenner, Juni 1967.) Ila Jef hana la kupoteza tangu shoti ya kwanza. Delon ni mzuri mno, koti limekaa vizuri mno, na yale maneno ya hekima ya kisamurai yanayotangulia filamu yalitungwa na Melville mwenyewe. Natazama kwa kustaajabu, lakini siogopi kwa ajili ya mtu huyo namna ninavyoogopa kwa ajili ya Gu au Jansen.

Ya tano ni Le Doulos ya 1962, filamu ya uongo mtupu, ambamo Jean-Paul Belmondo anaonekana kuwa mtoa habari wa polisi hadi mambo yanapogeuzwa juu chini. Humo mna mahojiano ya kituoni yaliyopigwa kwa shoti moja ya dakika zisizopungua 8, kamera ikimzunguka mpelelezi ndani ya chumba chenye vioo pande zote. Inayofuata ni Bob le flambeur ya 1956, iliyopigwa kidogo kidogo kadiri fedha zilivyopatikana, katika mitaa halisi ya Montmartre na Pigalle alfajiri. Ni nyepesi kuliko zote na ndiyo pekee yenye uchangamfu, hasa pale mcheza kamari anapoanza kushinda kihalali usiku uleule aliopanga kuiibia kasino, akasahau saa.

Un flic ya 1972, ya mwisho aliyoitengeneza, ni ya saba. Wizi wa benki kwenye mvua mwanzoni ni wa kiwango chake cha juu. Lakini helikopta inayomshusha mwizi juu ya treni ni ya kuchezea, nayo treni ni ya kuchezea, na jicho haliwezi kulisahau hilo. Hata hivyo Richard Crenna, anayemcheza mwizi huyo, akishaingia ndani ya behewa anajifungia, anavua ovaroli, ananawa uso, anachana nywele taratibu ili atoke akiwa abiria wa kawaida, na pale Melville yuko kazini tena.

Kwa anayetaka kuanza leo, asianze na ya kwanza kwenye mpangilio huu. Aanze na Le Doulos, ambayo ni fupi na ina visa vya kutosha kumvumilisha aliyezoea mikato ya haraka, halafu aende Le Cercle rouge.