"Umeridhika na huduma?" Dhana potofu kuhusu wagonjwa waliolazwa

Dhana: Mgonjwa akisema ameridhika, basi amehudumiwa vizuri.
Mgonjwa ameruhusiwa, mfuko wa dawa uko mkononi, muuguzi kasimama pembeni na fomu. Umeridhika? Atajibu ndiyo. Amechoka, anataka kwenda nyumbani, na huenda kesho akarudi mikononi mwa watu walewale. Hiyo ni adabu, si taarifa. Muulize hivi: ulipobonyeza kengele usiku, ulisubiri kiasi gani? Dawa mpya ulielezwa ni ya nini na ina madhara gani? Hapo ndipo utasikia yaliyotokea. Dodoso la hospitali za Marekani, HCAHPS, ambalo matokeo yake yalianza kutangazwa hadharani mwaka 2008, limejaa maswali ya aina hiyo, na mgonjwa haulizwi mpaka zipite saa 48 tangu aruhusiwe.

Dhana: Wodi ikizidiwa, wagonjwa hawawezi kuridhika.
Uhaba unaumiza, tusiufiche. Utafiti mkubwa uliofanywa Marekani na katika nchi 12 za Ulaya, uliochapishwa mwaka 2012, ulionyesha kuwa wagonjwa walizisifu zaidi hospitali zenye wauguzi wa kutosha na mazingira mazuri ya kazi. Kwa hiyo ninayosema hapa yasitumike kumkatalia muuguzi mwenzake wa zamu.

Lakini dakika za mgonjwa hazihesabiwi kwa saa ya ukutani. Katika utafiti mwingine uliochapishwa mwaka huohuo, watafiti wa Marekani walipima muda ambao daktari wa upasuaji alitumia kwa kila mgonjwa wodini. Alipoketi kando ya kitanda, alitumia wastani wa dakika 1 na sekunde chache. Wagonjwa wakakadiria zaidi ya dakika 5. Aliposimama alikaa muda mrefu zaidi, karibu dakika moja na nusu, lakini wao waliona hazikufika 4. Tofauti yote hiyo ililetwa na kiti.

Dhana: Mgonjwa si mtaalamu, maoni yake hayana uzito.
Kusoma picha ya eksirei hajui, ni kweli. Ila anajua nani alimfungua kidonda bila kunawa mikono, na anajua kwamba aliambiwa "utameza hizi" bila kuambiwa mara ngapi. Uchambuzi wa tafiti 55 uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta kwamba mahali ambapo wagonjwa wanasimulia mambo mazuri, mara nyingi usalama na matokeo ya tiba navyo ni vizuri.

Dhana: Kelele za usiku ni jambo dogo.
Shirika la Afya Duniani linapendekeza wastani wa desibeli 30 wodini usiku, yaani karibu na mnong'ono. Simama kwenye korido saa nane za usiku usikilize: gurudumu la troli linalolia, mlango unaobamizwa, wahudumu wakisimuliana kwa sauti ya mchana. Kisha mtazame aliyefanyiwa upasuaji asubuhi, macho wazi, anahesabu vigae vya dari.