Kujinyima hakumfanyi mtu kuwa mwema: hadithi za India tunazozisoma vibaya

Tamthilia za Kihindi zilizotiwa sauti za Kiswahili zimetuzoesha picha moja: mzee mwenye ndevu amekaa chini ya mti, macho kayafumba, miaka inapita, na mwisho mungu anatokea kumpa alichoomba. Mtazamaji anaondoka akiamini kwamba anayejinyima ndiye mwema, na mwema hulipwa. Vitabu zilikotoka hadithi hizo havisemi hivyo, na mara nyingine vinasema kinyume kabisa.

“Anayejitesa kwa ibada lazima awe mtu mwema”

Katika Bhagavata Purana, kitabu kitakatifu cha Wahindu, mmoja wa waliojitesa kupita kiasi ni mfalme katili Hiranyakashipu. Alisimama kwa ncha za vidole, mikono juu, hadi kichuguu kikamfunika, majani yakaota juu yake na wadudu wakamla nyama ikabaki mifupa. Brahma, mungu muumba, alikuja, akamnyunyizia maji, akamrudishia mwili na kumpa haja yake: asiuawe na mtu wala mnyama, ndani wala nje, mchana wala usiku, ardhini wala angani, wala kwa silaha. Basi akaanza kuwaonea watu na miungu. Ravana, mfalme mwovu wa utenzi wa Ramayana, naye alijikata vichwa kimoja baada ya kingine akavitoa sadaka, na nguvu alizopewa hazikumzuia kumteka mke wa mtu.

Tapas, yaani huko kujinyima na kujitesa, ni nguvu tu. Huipata mwema na mwovu sawasawa, ndiyo maana miungu yenyewe huingiwa na hofu ikisikia fulani ameingia msituni kuanza.

Hadithi inayolieleza jambo hili vizuri kuliko zote haina mapepo wala vita. Imo katika kitabu cha tatu cha Mahabharata, utenzi mkubwa wa kale wa India. Mbrahmini (mtu wa tabaka la makuhani) msomi, Kaushika, amekaa chini ya mti akisoma Veda, maandiko matakatifu. Korongo aliye juu ya tawi anamnyea. Kaushika anainua macho kwa hasira, na ndege anaanguka pale pale, amekufa. Hapo ndipo tunapojua kiasi cha nguvu alizokwisha kujikusanyia, na jinsi alivyoshindwa kuitawala nafsi yake kwa jambo dogo kama kinyesi cha ndege.

Anajuta, kisha anakwenda kijijini kuomba chakula. Mama wa nyumba anamwambia asubiri. Mara mume wake anaingia na njaa, mama anamhudumia kwanza, mgeni anasahaulika mlangoni. Anapotoka na chakula, Kaushika amefura. Mama anamwambia kwa upole kwamba yeye si korongo, na hasira ya mgeni haitamfanya lolote. Amejuaje habari za korongo? Hakuna aliyemwambia. Anamwelekeza aende mji wa Mithila akafundishwe na mwenye bucha.

Kaushika anamkuta mtu huyo buchani, katikati ya nyama ya paa na ya nyati, wateja wamejaa. Kabla hajajitambulisha, mwenye bucha anamwambia anajua ni mama yupi aliyemtuma. Kisha anamkaribisha nyumbani na kumwonyesha wazazi wake wazee, akisema hao ndio miungu yake. Halafu linakuja pigo: Kaushika aliwaacha baba na mama yake bila ruhusa yao ili akasome, na wamekuwa vipofu kwa kumlilia. Arudi akawatunze. Naye anarudi. Msomi wa tabaka la juu amefundishwa na mwanamke asiye na jina na muuza nyama wa tabaka la chini, na hakuna aliyemlaani wala kumwadhibu. Kwangu mimi, hapo hadithi imekuwa na adabu kuliko wasimulizi wengi.

“Basi ucha Mungu ni kumtii mzazi kwa kila jambo”

Hapana. Mtoto wa yule Hiranyakashipu, Prahlada, ndiye mfano mkubwa wa ibada kwa mungu Vishnu, na ibada yake ilikuwa uasi dhidi ya baba aliyetaka aabudiwe yeye. Alitupiwa tembo, akapewa sumu, akarushwa kutoka mlimani, hakubadili neno. Hatimaye Vishnu alitokea kwenye nguzo, nusu mtu nusu simba, akamuua mfalme jioni, kizingitini, mapajani pake, kwa kucha. Masharti yote yakawa yametimizwa. (Moto unaowashwa usiku wa kuamkia sikukuu ya Holi unahusishwa na Holika, shangazi wa mtoto huyo, aliyeungua akijaribu kumchoma.)

Husahauliwa kilichofuata: alipoambiwa aombe lolote, Prahlada alimwombea baba yake asamehewe. Tena yeye mwenyewe ni asura, ukoo ambao katuni hupenda kuuonyesha wote kama mashetani.

“Zote ni hadithi za Mabaniani”

Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya kale ya India, nao wana zao, na watu wa Mombasa wanalijua hekalu lao la Langoni. Shujaa wao Bahubali alikuwa akimshinda kaka yake Bharata katika pambano la kugombea ufalme, akaacha kila kitu na kusimama mwaka mzima akitafakari, mitambaazi ikimzonga miguu. Hakufika popote, kwa sababu kiburi kilikuwa bado kimo. Katika masimulizi ya Wajaini wa dhehebu la Shvetambara, dada zake ndio waliokuja kumwambia ashuke kwenye tembo, yaani kwenye kiburi chake. Sanamu yake ya Shravanabelagola, Karnataka, iliyochongwa kwenye jiwe moja karne ya 10, ina urefu wa mita 17 hivi. Mitambaazi imo.

“Savitri ni mfano wa mke mnyenyekevu”

Kaskazini mwa India wanawake hufunga saumu na kuuzungushia mti wa mbaniani nyuzi kwa jina lake, wakiwaombea waume zao maisha marefu. Kwa hiyo amegeuka kuwa mke anayenyamaza. Ila ukisoma Mahabharata, Savitri anapanda gari la farasi na kwenda kujitafutia mume mwenyewe. Anamchagua Satyavan, mwana wa mfalme kipofu aliyepinduliwa, anayeishi msituni. Mwenye hekima Narada anatangaza kwamba kijana atakufa baada ya mwaka. Baba anamsihi binti achague mwingine, anakataa.

Siku ilipofika, Yama, mungu wa kifo, alikuja na kitanzi chake akaitoa roho ya Satyavan, Savitri akamfuata nyuma akiongea. Yama alivutiwa na maneno yake, akampa ombi baada ya ombi, lolote isipokuwa uhai wa mume. Akaomba macho ya baba mkwe, kisha ufalme wake, kisha wana mia kwa baba yake mwenyewe, kisha wana mia kwa ajili yake na Satyavan. Yama akakubali. Sasa wana hao atazaa na nani? Mungu wa kifo kashikwa kwa ulimi wake, akamwachilia mume. Sioni unyenyekevu hapo, naona mwanasheria.

“Harishchandra hakuwahi kuvunja ahadi”

Huyu ndiye mfalme wa ukweli: alimpa ufalme wake mtawa Vishvamitra, akamuuza mke na mtoto katika mji wa Kashi ili kumaliza deni, akafanya kazi ya kuchoma maiti. Gandhi aliandika kwamba mchezo wa kuigiza juu yake ulimtawala utotoni, na filamu ndefu ya India ya mwaka 1913 ilimhusu yeye.

Lakini Aitareya Brahmana, kitabu cha kale zaidi, kina Harishchandra mwingine. Alimwomba mungu Varuna mtoto, akiahidi kumtoa sadaka. Mtoto Rohita alipozaliwa, mfalme akaanza visingizio: ngoja afike siku kumi, ngoja aote meno, ngoja yang’oke, ngoja yaote tena, ngoja aweze kushika silaha. Rohita akakimbilia msituni, Varuna akamvimbisha mfalme tumbo. Mwishowe Rohita alimnunua mtoto wa maskini mmoja, Shunahshepa, kwa ng’ombe mia, achinjwe badala yake. Baba wa mtoto akataka mia nyingine ili amfunge, na mia nyingine ili amchinje. Kijana akaomba miungu mmoja baada ya mwingine, kamba zikalegea. Aliyemchukua akawa mwanawe ni Vishvamitra, yule yule anayemtesa mfalme katika simulizi la baadaye. Baba mzazi alipotaka kumrudisha, Shunahshepa alikataa.